Jembe la Siku ya Tatu

Methali hii tunaijua wote: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Majumbani mwetu imegeuka kuwa kijembe. Shemeji amekuja kusalimia tangu Jumapili, leo ni Alhamisi na bado anaulizia chai ya saa nne. Basi mwenye nyumba anaitaja methali kwa sauti inayofika hadi uani, na mwenye masikio anafunga mzigo wake. Tunacheka, maisha yanaendelea.

Naomba leo tuisome taratibu kidogo, kama tunavyosoma andiko. Methali haisemi kwamba siku ya tatu mgeni achukue jembe. Inasema apewe. Anayetoa ni mwenyeji, na mgeni anapokea. Wala haisemi apewe siku ya kwanza. Siku mbili za mwanzo mgeni hana kazi isipokuwa kula alichopikiwa, kusalimia wazee, kuuliza majina ya watoto, kuona maji yanachotwa wapi na ng'ombe wanapitia njia gani. Ndipo siku ya tatu anaoneshwa shamba, kama mtu anayeweza kuaminiwa na udongo wa watu. Ukilitazama hivyo, jembe ni heshima anayopewa mgeni, na wahenga waliotuachia methali hii walikuwa wakarimu kuliko sisi tunaoitumia kufukuzia mashemeji.

Ninaandika haya kwa sababu ya swali ambalo limekaa nami kwa miaka kadhaa ya utumishi hapa Kamanga. Mtu anapokwenda mahali pasipo pake kwa nia njema, ili ajitolee shambani, apande miti, afundishe watu kutunza mazingira, anapaswa kwenda vipi? Na sisi tunaobaki, tunapaswa kumpokea vipi?

Kamanga ni mahali pa kuvukia. Mbele yetu ni Ghuba ya Mwanza, na ng'ambo tunauona mji na mawe yake. Kivuko kinashusha abiria, pikipiki, magunia, kuku waliofungwa miguu na, mara moja moja, wageni wetu. Wapo vijana kutoka Ulaya wanaoletwa na undugu wa makanisa. Wapo wanafunzi wa vyuo wenye madaftari. Wapo pia ndugu zetu wa sharika za mjini wanaokuja Jumamosi moja kwa mwaka, wamevaa fulana za rangi moja, na miche mia mbili ndani ya gari. Wote hawa nawapenda, na nasema hivyo mapema kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema hayatawafurahisha.

Tangu tarehe 19 Juni 2025 tuna njia nyingine pia. Kusini mwetu limefunguliwa Daraja la Kigongo–Busisi, lenye jina la hayati Rais John Magufuli, kilomita 3 juu ya maji. Mahali ambapo watu walisubiri kivuko kwa muda mrefu, leo wanapita kwa dakika chache. Aliyewahi kukwama pale Busisi usiku akiwa na mgonjwa garini hawezi kulisema daraja vibaya, nami namshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini nimeona kitu kimoja. Mtu anayevuka kwa kivuko hushuka garini. Husimama na watu asiowajua, hutazama maji, huuliza yale magugu maji yanayoelea yametoka wapi, husikia bei ya dagaa na habari ya mvua. Akifika upande wa pili, tayari ana habari za watu. Anayepita darajani hufika na mawazo yaleyale aliyoondoka nayo nyumbani. Simlaumu, nasema tu kwamba zile dakika ambazo kivuko kilimlazimisha kuwa mgeni, sasa inabidi azitafute mwenyewe kwa hiari yake.

Watu wa ziwa hili hawapandi chombo kwa mzaha. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na makaburi ya Igoma yanatukumbusha mpaka leo. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ilipinduka ikiwa karibu kutia nanga Ukara, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Ndiyo maana utaona akina mama zetu wakinyamaza kidogo chombo kinapong'oa nanga, midomo ikicheza bila sauti. Kwao safari ni jambo la kukabidhi maisha. Nikimsikia mtu akisema amekuja kwetu "kupumzisha akili", simkatazi, ila natamani akae karibu na mama mmoja wa hao.

Tuje kwenye Maandiko. Katika Mambo ya Walawi sura ya 25 Mungu anaweka sheria ya mashamba, na anatoa sababu ambayo wakulima wa Israeli hawakuitarajia: ardhi haiwezi kuuzwa moja kwa moja, kwa kuwa mwenyewe ni yeye, na wao wanakaa kwake kama wageni. Hebu tulipime neno hilo. Hawa ndio watu walioahidiwa nchi, walioitembelea miaka arobaini jangwani, na hata baada ya kuipata wanaambiwa kwamba bado ni wageni ndani yake. Kwa hiyo mbele za Mungu mgeni si yule tu aliyeshuka kivukoni na begi mgongoni. Mzee wa Kisukuma ambaye babu yake alizikwa chini ya ule mkuyu naye ni mgeni. Wote tumepewa jembe na Mwenyeji mmoja.

Nilipokuwa Makumira, somo la Kiebrania lilitutoa jasho wengi wetu, lakini liliniachia zawadi moja ambayo sijaacha kuitumia. Katika Mwanzo 2:15 mwanadamu anawekwa bustanini kwa kazi mbili. Ya kwanza tunaitafsiri kulima, na kwa Kiebrania ni neno lilelile la kutumika, kama mtumishi anavyomtumikia bwana wake au kuhani anavyotumika hekaluni. Ya pili ni kutunza, na neno hilo ndilo lililomo katika baraka ya Haruni, tunayoipokea kila Jumapili mwisho wa ibada, pale tunapoombewa kwamba Bwana atulinde. Ulinzi tunaouomba juu ya vichwa vyetu na ulinzi tulioagizwa juu ya bustani ni neno moja. Sijui kama tunaweza kuinamisha vichwa kwa raha kupokea wa kwanza huku tukikataa kutoa wa pili.

Na Martin Luther? Watu hupenda kusema kwamba alisema angepanda mti wa tufaha hata kama angejua kesho ni mwisho wa dunia. Ni maneno mazuri, yanapendeza kwenye fulana, lakini waliotafuta katika maandishi yake hawajayaona humo. Yaliyopatikana ya zamani zaidi ni ya mwaka 1944. Sisi Walutheri hatuhitaji kumwazimia Luther maneno, maana tunayo ya kwake yaliyo imara zaidi. Fungueni Katekisimo Ndogo, maelezo ya ombi la nne la Sala ya Bwana. Anapoeleza riziki ya kila siku haishii kwenye chakula na nguo. Anahesabu shamba, mifugo, hali nzuri ya hewa, mpaka majirani wema. Kila kipaimara wetu amekariri orodha hiyo. Mimi naipenda kwa sababu imeweka hali ya hewa na jirani mwema katika sentensi moja. Mtu wa mjini anaweza kudhani hayo ni mambo mawili. Mkulima anajua kwamba mvua ikichelewa, jirani ndiye anayebaki.

Katika kanisa letu wapo waliolichukua fundisho hili mikononi. Askofu Fredrick Shoo wa Dayosisi ya Kaskazini, aliyekuwa pia Mkuu wa KKKT, alijulikana hata nje ya nchi kama askofu wa miti, kwa jinsi alivyofanya upandaji wa miti kuwa sehemu ya malezi ya vipaimara kule Kilimanjaro. Huko mlima wenyewe unasaidia kuhubiri, kwa sababu kila mtu anaona barafu inavyopungua. Huku kwetu ziwa linaficha dhambi zake chini ya maji, na mtu anaweza kulitazama jioni jua likizama akadhani kila kitu kiko salama.

Ngoja nieleze basi nini huwapata wageni wenye nia njema wasiposubiri siku ya tatu. Katika miaka ya 1950, upande wa Uganda, samaki sangara aliingizwa katika ziwa hili. Waliotaka aletwe walikuwa na hesabu yao: ziwa limejaa furu wadogo wenye miiba, tulete samaki mkubwa awale, nasi tumle yeye. Wavuvi wa huku hawakuulizwa. Mwaka 1977 watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuwachunguza furu katika ghuba hii hii ya Mwanza. Walikuwa wasafiri wa namna ninayoipenda, watu wa kukaa, kuhesabu na kuuliza. Walikuta aina kwa aina za furu, nyingi hazijawahi hata kupewa jina. Kisha, katika miaka ya 1980, sangara wakaongezeka ghafula, na furu wakatoweka mbele ya macho yao, aina baada ya aina. Siwezi kusema sangara ni laana tupu. Wapo washarika wangu waliosomeshwa kwa minofu yake, na mapaa ya bati ya vijiji vingi vya pwani hii ni yake. Lakini ziwa lilipewa jembe na mtu ambaye hakulala hata usiku mmoja nyumbani mwa mvuvi.

Mfano mwingine uko upande wa nchi kavu. Serikali ya kikoloni ilifyeka mapori ya Usukuma ili kumaliza mbung'o, kisha ikashangaa udongo unavyoondoka, ikaleta sheria za lazima: lima matuta hivi, punguza ng'ombe kiasi hiki, la sivyo faini. Nyingine zilikuwa na akili ndani yake, lakini watu walizichukia, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 zilikuwa zimekufa. Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Nao ulianza kwa njia iliyozoeleka ya vitalu na miche, mingi ya miti ya kigeni. Baadaye wataalamu walipokaa na wafugaji waligundua kwamba Wasukuma walikuwa na ngitili tangu zamani, yaani eneo linalofungwa wakati wa mvua ili majani yabaki kwa ajili ya kiangazi. Mradi ukageuka. Badala ya kuleta tu miti, ukawasaidia watu kurudisha ngitili, na mapori yakarudi kwa mamia ya maelfu ya hekta. Mwaka 2002 kazi hiyo ikapewa tuzo ya kimataifa ya Equator. Wazee wa Shinyanga hawakuhitaji tuzo ili wajue ngitili ni nini.

Mtu ataniuliza: je, Mchungaji unataka kusema wenyeji wanajua kila kitu? Hapana, ndugu yangu, nami ninaishi hapa. Naona makokoro yanavyovutwa usiku. Naona mkaa unavyopita kwa baiskeli. Tazameni Ukara, kisiwa kile kidogo kaskazini ya Ukerewe. Wakara wamesifiwa kwa vizazi na wataalamu wa kilimo: ng'ombe wanafugwa ndani na kuletewa majani, samadi yote inakwenda shambani, jamii ya marejea inapandwa pamoja na uwele kisha inafukiwa iwe mbolea, kuta za mawe zinashika udongo mteremkoni, majani ya malisho yanalimwa katika mashimo kando ya maji. Bila mbolea ya dukani waliulisha umati wa watu kwenye kipande kidogo cha ardhi. Lakini wataalamu haohao waliona jambo jingine. Wakara waliohamia bara, Geita na kwingineko, ambako ardhi ilikuwa nyingi, wengi wao waliuacha utunzaji ule. Walifyeka, wakalima, wakasogea mbele.

Jambo hilo limenifikirisha kuliko yote. Ujuzi walikuwa nao, mikono ni ileile, imani ni ileile. Kilichobadilika ni safari. Kule kisiwani kila mtu alikuwa anaona mwisho wa ardhi kwa macho yake. Ukitembea asubuhi, kabla ya mchana umefika majini. Walipovuka, mwisho ukatoweka, na utunzaji ukatoweka nao. Kumbe kusafiri kunaweza kumfanya mtu awe mwangalifu zaidi au asahau kabisa. Anayesafiri akidhani mbele daima kuna pori jingine, ufukwe mwingine, kijiji kingine cha kupigia picha, hatatunza chochote. Na dunia yenyewe ni Ukara. Ukitembea vya kutosha unafika majini.

Kwa hiyo mgeni analo la kutupa. Mara nyingi ni swali. Anauliza kwa nini tunachoma majani ya shambani, na mwenyeji ambaye hajawahi kuulizwa anakosa jibu. Hapo mwenyeji anaamka. Ninachohofia zaidi siku hizi ni kitu kingine: kwamba mgeni atafika akiwa tayari kupokea jembe, na sisi hatutakuwa nalo la kumpa. Vijana wetu wa usharika wanarudi kutoka mjini wakati wa Krismasi na kukaa barazani na simu kama wageni wa siku ya kwanza, hata wiki ikiisha. Zamani Wasukuma walilimiana kwa zamu, ngoma ikipigwa na majembe yakirushwa juu na kudakwa. Bugobogobo mnayoiona sasa kwenye sherehe ilitoka huko mashambani. Hakuna aliyeita hilo kujitolea. Leo tunaicheza jukwaani kwa ajili ya mgeni rasmi, na palizi tunamlipa kibarua.

Nitasimulia jambo moja la hapa kwetu, bila majina, kwa ruhusa ya wahusika. Tulipokea kundi la vijana wa kujitolea, wengine wa Ulaya, wengine wa mji wa Mwanza, wakae nasi wiki tatu. Ratiba yao ilitoka huko walikotoka, na siku ya kwanza ilisema: mafunzo ya mazingira kwa jamii. Binti mmoja wa Kitanzania, msomi, alisimama ufukweni na karatasi kubwa, akawaeleza akina mama sheria ya mwaka 2004 ya usimamizi wa mazingira, kwamba shughuli za kibinadamu hazitakiwi ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Alieleza vizuri, na alichosema ni kweli. Udongo unaolimwa ukingoni unaingia majini pamoja na mbolea, magugu maji yananenepa, mazalia ya samaki yanaharibika. Akamaliza kwa kuonesha kwa kidole bustani zilizokuwa mbele yao: mchicha, nyanya, matikiti, zote ndani ya zile mita 60.

Mama mmoja mjane alimsikiliza mpaka mwisho, akasema kwa upole, "Mwanangu, Mungu akubariki kwa maneno hayo. Sasa ziwa likishatunzwa, hawa wajukuu nitawalisha nini?"

Hakukuwa na jibu kwenye karatasi. Akina mama wakachukua ndoo zao, mkutano ukaisha. Nilimwona yule binti amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa mpaka jioni, nikamwacha.

Kesho yake asubuhi, bila kutumwa na mtu, alikwenda kwa yule mama akapiga hodi. Mama akampa uji na michembe, akamwambia apumzike. Siku iliyofuata hivyohivyo. Siku ya tatu (sikuitunga mimi, ndivyo ilivyokuwa) mama akampa jembe. Kwa siku kumi na mbili binti yule alilima, akabeba samadi, akamwagilia. Na katika kubeba ndoo ndipo alipoelewa kwa nini bustani ziko pale zilipo. Kila hatua unayoondoka majini ni uzito mkononi. Mita 60 kwenye karatasi ni mstari. Kwenye bega la mwanamke wa miaka sitini na tano ni safari arobaini kwa siku.

Mama huyo kwao ni Ukara. Siku moja wakiwa wamepumzika kivulini alianza kueleza jinsi mama yake alivyofukia majani mabichi kwenye udongo ili ushike maji, jinsi walivyochimba matuta ya kuzama badala ya kuinuka. Alikuwa hajafanya hivyo tangu alipoolewa huku, miaka zaidi ya arobaini, kwa sababu ziwa lilikuwa karibu na hapakuwa na haja. Binti akauliza, mama akakumbuka. Wakajaribu vitalu vinne juu, nje ya zile mita 60, vimezamishwa, vimejazwa majani na samadi na kufunikwa nyasi. Vilihitaji ndoo chache kuliko walivyotegemea. Mchicha ukaota.

Nani alimfundisha mwenzake mazingira? Nimejiuliza mara nyingi, nami nadhani Ruthu angeelewa. Yule Mmoabi hakufika Bethlehemu na mradi. Alifika na mkwewe na njaa, akaomba ruhusa ya kuokota nyuma ya wavunaji. Alikuta sheria ya Mungu imemtangulia shambani, ile ya Walawi 19 inayomkataza mkulima kuvuna mpaka pembeni, ili maskini na mgeni wapate kitu. Mashamba ya Israeli yalilimwa huku mgeni akifikiriwa kabla hajafika. Kisha tazameni Paulo katika Matendo 28. Amenusurika katika maji, ametupwa Malta, wenyeji wamewakokea moto kwa sababu ya mvua na baridi. Mtume mkuu wa mataifa anafanya nini? Anakwenda kuokota kuni. Luka haandiki hotuba hata moja ya Paulo katika kisiwa kile. Anaandika kuni, kisha maombi kwa mgonjwa wa nyumba iliyowakaribisha, kisha heshima waliyopewa wakiondoka. Nimesoma vitabu vingi vya umisioni, na sijaona vinavyoanza na zile kuni.

Baada ya wiki zile tatu wazee wa kanisa walikaa, wakaamua mambo machache kuhusu wageni wa kujitolea. Siku mbili za mwanzo hakuna kazi, hakuna mafunzo, hakuna picha. Kila mgeni anakabidhiwa kwenye kaya, na kazi yake atapangiwa na mama wa kaya hiyo. Atakayetaka kufundisha atafundisha wiki ya mwisho, akiwa na mwenyeji pembeni yake. Kundi moja la mjini lilituambia kwamba lina Jumamosi moja tu, haliwezi kukaa siku tatu. Wazee wakajibu kwamba basi waje kama wageni wa siku ya kwanza: wale wali na sato, waimbe nasi, waione bustani, na miche waiache. Wapo walioudhika. Mimi niliona ni jibu zuri, kwa sababu nimehesabu miche iliyopandwa Jumamosi hizo, nikahesabu pia iliyofikia kiangazi cha pili. Mche hauogopi kukosa mpandaji. Unaogopa Agosti.

Sitaki mtu adhani tumemaliza. Kati ya bustani zile za ufukweni, karibu nusu zimehamia juu. Nyingine bado ziko ndani ya mita 60, na siwezi kusimama madhabahuni nikawaambia wenye nazo waondoke kabla hatujapata njia ya kufikisha maji juu. Wala siwezi kuwaambia wabaki, kwa sababu ziwa ni la Mungu na wajukuu watalihitaji baada ya mchicha huu kuliwa. Baraza la usharika limegawanyika. Wapo wanaotaka tununue pampu kwa sadaka ya mavuno, wapo wanaosema pampu itakuwa ya wenye nguvu. Tumeomba juu ya jambo hilo, tumegombana pia.

Pale palipoachwa wazi, matete yamerudi yenyewe bila kupandwa na mtu, na ndege wameanza kujenga humo. Juu kidogo ya matete tumepanda mikuyu. Yule binti ameshaajiriwa mkoa mwingine, huwa anapiga simu kuuliza habari za mama, kisha habari za vitalu. Orodha ya zamu za kumwagilia imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya usharika. Juni na Julai zimejaa. Agosti ina majina mawili mpaka sasa, na moja ni la yule mama.